Ametoa Udhuru

Kama kuna neno ambalo fundi viatu wa getini alilichukia kuliko mvua ya ghafla, basi ni neno udhuru. Si kwamba alikuwa halijui. Alishatoa udhuru mara nyingi maishani, kwa ugonjwa, kwa msiba, kwa kukosa soli ya saizi ya mteja. Lakini udhuru huutoa mwenyewe. Hatolewi mtu udhuru na mwenzake akiwa mzima, akiwa yupo, akiwa amekaa chini ya ngazi anawasikia kabisa wanavyoburuta viti huko juu. Na hilo ndilo lililompata, tena mara tatu, kwa maandishi, na kwa mwandiko mzuri wa kupendeza.

Watu walimwita Gundi. Jina lilianzia kwenye kazi, maana mikono yake haikukosa harufu ya gundi hata siku za mapumziko, kisha likahamia kwenye tabia: akishika jambo habanduki. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mabega mapana, mdomo usio na breki, na miguu miwili iliyopoozwa na homa alipokuwa na miaka mitatu. Alitembelea baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Akifika kazini hushuka, akajisogeza kwa viganja mpaka kwenye mkeka wake pembeni mwa geti la soko, akapanga vitu vyake: sindano nene ya kutobolea ngozi, uzi wa nailoni, nyundo, kopo la gundi, na soli alizokata kwenye matairi mabovu.

Miaka kumi na moja pale getini, na mtaa mzima aliujua kwa nyayo. Mwenyekiti wa kamati ya mtaa alikuwa anamaliza kisigino cha kulia upande wa nje, kama mtu anayeegemea ukuta usiokuwepo. Katibu alileta viatu kabla havijachanika, vimefutwa vumbi, kamba zimefungwa fundo. Kuna waliokuja wamevishika kwa vidole viwili kana kwamba ni vya mtu mwingine. Gundi aliwajua wote, wala hakuwa na haja ya kuinua kichwa kujua nani anapita.

Sasa, lipo jambo moja ambalo hakuwa akilisema kwa watu. Tangu anatoka nyumbani asubuhi mpaka anarudi jioni, alikuwa hanywi maji. Hata funda moja. Sababu ilikuwa choo cha soko. Kilijengwa juu ya msingi mrefu, na kukipanda ni vidaraja vinne vya saruji, kisha mlango mwembamba, kisha sakafu iliyolowa kutwa nzima. Wenye miguu huvuka pale kwa ncha za vidole huku wamebana pua. Gundi ilimpasa kuingia kwa viganja. Aliingia mara moja, mwaka wa kwanza. Alipotoka alifunga kazi saa ileile, akaenda nyumbani, akaoga mara mbili, na kesho yake akaacha maji. Nesi wa zahanati alimwambia figo zake zinalalamika, ajitahidi anywe glasi nane kwa siku. Gundi akamjibu sawa. Utamwambia nini mtu mwema kama huyo?

Ndiyo maana mtaa ulipotangaza kwamba kiti kimoja cha kamati kitakuwa cha makundi maalumu, alijaza fomu siku hiyohiyo. Hakutaka ukubwa. Alikuwa amesikia kwamba choo kipya kitajengwa, na alitaka kitu kimoja tu hapa duniani: mlango mmoja mpana, usawa wa ardhi. Mdogo wake wa kike, aliyekuwa akiishi naye, alimuuliza hayo makundi maalumu ni akina nani. Gundi akamwambia ni mimi hapa, nimekuwa makundi.

Akapita bila kupingwa, akapigiwa makofi, na barua ikaja ikimwalika kwenye kikao, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, ukumbi wa juu wa ofisi ya mtaa.

Ukumbi wa juu. Vidaraja kumi na tisa, alivihesabu mwenyewe kwa macho. Chini kulikuwa na ofisi mbili, stoo ya viti vibovu, na ua mkubwa wa saruji usio na kazi yoyote zaidi ya kuanikia matambara ya kupigia deki.

Siku ile ya kwanza wajumbe wawili wanaume walimbeba. Walimaanisha wema, hilo halina ubishi, na ndilo linalochosha. Mmoja alishika kwapa, mwingine magoti. Sketi ikapanda. Kwenye kona ya ngazi wakamweka chini wapumue, na yule wa mbele akatania kwamba mjumbe huyu ni mzito wa hoja. Watu wakacheka. Gundi naye alicheka, kwa sababu ukiwa umeshikwa mapaja na mwanaume usiyemjua mbele ya kamati nzima, unafanya nini kingine? Huko juu alikaa kwa muda wa saa tatu na hakusikia neno hata moja. Alikuwa anafikiria kushuka. Alipofika nyumbani aliapa kwamba habebwi tena. Yeye si kabati.

Kikao cha pili alifika mapema, akatulia kwenye baiskeli yake chini ya ngazi, akaomba wajumbe wakutane uani. Mwenyekiti akainama kwenye reli, akamweleza kwa upole mwingi kwamba meza iko juu, feni iko juu, maikrofoni iko juu, na wa kumbeba wapo tayari kama mara ile. Gundi akasema habebwi. Mwenyekiti akahema, akasema basi asijali, atapelekewa muhtasari. Akakaa pale chini mpaka kikao kikaisha, wakampita mmojammoja, wengine wakimgusa bega na kumpa pole. Pole ya nini? Hakuna aliyekuwa amefiwa.

Muhtasari ulifika Jumanne. Ukurasa wa kwanza, Waliohudhuria. Chini yake, Wasiohudhuria kwa Udhuru, na jina lilikuwa moja tu: mjumbe wa makundi maalumu. Alidhani ni makosa ya kalamu. Akafunga kazi, akaendesha mpaka ofisini kwa katibu.

Katibu alikuwa mtu mstaarabu, shati limepigwa pasi mpaka mikono, asiyeweza kumpandishia mtu sauti. Alifunga mlango, akamweleza kama mtu anayekupenyezea habari njema kwamba kanuni iko wazi: mjumbe anayekosa vikao vitatu bila udhuru anapoteza nafasi yake.

"Nimekuhifadhi, dada," alisema.

"Lakini mimi nilikuwepo."

"Ulikuwepo chini," katibu akasema taratibu. "Kikao kilikuwa juu."

Jamani. Ukiwa na hasira na mtu mbaya, angalau unajua pa kuishushia. Huyu alikuwa amekuhifadhi. Alikusindikiza hadi mlangoni, akakusukumia baiskeli ivuke kizingiti, akakutakia kazi njema. Gundi alirudi getini akapiga misumari kwenye kiatu cha mtu mpaka ikatokea upande wa pili, akaanza kuing'oa upya.

Kikao cha tatu vilevile, cha nne vilevile. Udhuru, udhuru. Katika muhtasari wa kikao cha nne palikuwa na kifungu kizima kisemacho kwamba mahitaji ya makundi maalumu yamezingatiwa. Alipekua kurasa zote sita akitafuta yamezingatiwa na nani, yakiwa wapi, maana kundi lenyewe lilikuwa chini linachomwa na jua.

Mdogo wake alichoka kabla yake. Jioni ile, akimenya viazi, alisema wazi kwamba dada yake anajitafutia makuu. Watu wamejitolea kumbeba, abebwe, asemee choo chake, ashushwe, yaishe. Ni ngazi tu, dakika mbili. Gundi akamwambia abebwe yeye kwanza halafu aje amsimulie. Mdogo wake akatupa kisu kwenye beseni.

"Dada, wewe unataka choo au unataka heshima?"

"Kwani ni vitu viwili?" Gundi akauliza, na aliuliza kweli, akisubiri jibu. Mdogo wake akakiokota kisu, akaendelea kumenya.

Ijumaa kabla ya kikao cha tano, mhudumu wa ofisi ya mtaa alileta ndala zake zishonwe. Huyu ndiye aliyefagia ukumbi, akachemsha chai na kupanga makaratasi, kwa hiyo kila kitu cha kamati alikiona kabla ya kamati yenyewe. Alikuwa na habari, na alikuja nayo ameivalia tabasamu. Mchoro wa choo kipya umefika. Kesho unapitishwa, Jumatatu unatakiwa wilayani bila kukosa, usipofika zamu inakwenda kwa mtaa mwingine. Na kwenye mchoro, akasema, cha kwenu kimo dada, mwisho kabisa wa safu, mlangoni pamechorwa kile kiti cha magurudumu.

Gundi akaacha kushona. Akauliza kama mlango ni mpana. Mpana, mhudumu akasema, hata ng'ombe anapita. Ndani je? Ndani kuna mpaka vyuma vya kujishikia ukutani. Gundi akataka kumkumbatia mwanamke yule na ndala zake. Miezi mitatu ya kukaa chini ya ngazi, na kumbe walikuwa wanasikia.

Mhudumu akavaa ndala, akajaribu kutembea hatua mbili, akaridhika.

"Tena vidaraja vyake vitatu tu," alisema. "Si vinne kama kile cha zamani."

Vidaraja vya nini, Gundi akauliza. Eti vidaraja vimewekwa kwa sababu ya maji ya mvua; upande ule wa mwisho ni bondeni, choo kingefurika. Basi wakakiinua. Wakakiinua choo cha mtu wa baiskeli, wakakiwekea ngazi, kisha wakachora kiti cha magurudumu mlangoni ili apande mtu gani? Picha? Gundi alikusanya vitu vyake akaenda nyumbani mapema, na usingizi ulimjia kwa shida.

Jumamosi alikuwa chini ya ngazi tangu saa tatu. Hakuwa na mpango wowote, tusimsingizie. Alikuwa na hasira tu, na hasira ilimkalisha pale. Wajumbe wakaanza kuja, na kama kawaida yake aliwahesabu kwa viatu, maana vilipita usawa wa macho yake. Kisigino kilicholiwa upande, huyo mwenyekiti. Viatu vilivyofungwa fundo, katibu. Sandali zenye kiraka alichokishona yeye mwenyewe, yule mama muuza nguo. Viatu vya mpira, buti la kazi, vingine viwili vya ngozi. Saba. Saa nne ikagonga, ikapita. Saa nne na nusu, bado saba.

Kamati ilikuwa na watu kumi na watano, na akidi ilikuwa watu wanane. Siku ile kulikuwa na harusi upande mmoja wa mtaa na msiba upande mwingine. Huko juu sauti zilikuwa zimeshuka, na kuna mtu alikuwa anapiga simu isiyopokelewa. Gundi akatulia. Akachomoa kitambaa, akafuta vishikio vya baiskeli, polepole, kimoja baada ya kingine.

Haikuchukua muda. Mhudumu akateremka na daftari la mahudhurio na kalamu, haya imemjaa. Akasema ametumwa, eti Dada Gundi asaini tu hapa. Gundi akatazama ukurasa: Waliohudhuria. Miezi mitatu alikuwepo akaandikwa hayupo. Leo yuko chini vilevile, waandike yupo. Akamrudishia kalamu, akamwomba amwambie mwenyekiti aje mwenyewe.

Mwenyekiti akaja, anapangusa jasho.

"Mama, ni saini tu. Tuko saba."

"Najua mko saba. Nimeviona viatu."

"Basi unaelewa. Mchoro usipopita leo, choo kinakwenda mtaa mwingine. Na wewe ndiye unakitaka kuliko sisi wote."

Hapo alikuwa amemgusa penyewe, na alijua. Gundi aliona choo kinaondoka, chote, na vidaraja vyake vitatu. Akaona kile cha zamani kikibaki, na sakafu yake. Mkono ulitaka kwenda kwenye kalamu. Akauzuia kwa mkono wa pili.

"Mnataka mtu wa nane au jina la nane?" akauliza. "Kama ni mtu, yupo hapa. Shukeni."

Mwenyekiti akasema meza ni nzito, nao mchoro ni mkubwa, hautandikiki bila meza.

"Mimi mliweza kunibeba," Gundi akasema, "mtashindwa na meza?"

Walishuka. Nani angebaki juu, na Jumatatu ile inakuja? Meza ilinasa kwenye kona ya ngazi, ikachubua ukuta, ikawabidi waiweke chini wapumue, palepale walipomweka yeye. Hakuna aliyetania kwamba ni nzito ya hoja.

Kikao kikafunguliwa uani, matambara ya deki yakiwa yamesogezwa pembeni. Mwenyekiti alitaka waingie kwenye mchoro moja kwa moja. Gundi akanyoosha mkono, akakumbusha kwamba ajenda ya pili huwa ni kuthibitisha muhtasari uliopita, naye ana marekebisho, ukurasa wa kwanza. Mama muuza nguo akaguna, akamwomba aachane na hayo, jua kali. Gundi akamjibu kwamba jua hilo analijua, ana vikao vitatu nalo. Katibu akafungua daftari, akaonekana ana shida ya kweli moyoni. Akaeleza kwamba kanuni ina sehemu mbili tu, waliohudhuria na wasiohudhuria, wala haina sehemu ya mtu aliyekuwepo chini. Mwenyekiti akasema hoja imezingatiwa. Haya basi, ikazingatiwa. Mchoro ukatandikwa.

Ulikuwa mchoro safi. Mwenyekiti akaonyesha kwa kidole mlango wa mwisho, na alikuwa anajivunia kabisa, masikini; aliuonyesha kama mtu anayekupa zawadi. Gundi akavitazama vile vistari vitatu mbele ya mlango. Alikuwa amejiandaa kugomba. Badala yake akajikuta anasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia hata mdogo wake.

"Mimi pale getini sinywi maji," alisema. "Mwaka wa kumi na moja huu. Naogopa kukojoa. Choo chenu naingia kwa mikono, na mikono hii ndiyo ninayolia chakula."

Wanaume wakatazama saruji. Mama muuza nguo aliweka kiganja mdomoni, kisha akakitoa, akakitazama. Gundi alijua kitakachofuata ni pole, na hakuitaka. Akawahi. Akaweka kidole upande wa pili wa mchoro, kule mwanzo wa safu, karibu na geti. Upande huu ardhi imepanda, akawaambia. Mimi natembea kwa mikono, kila mwinuko wa soko lile naujua kwa mabega yangu. Maji ya mvua hayajawahi kufika hapa, nimekaa hapa masika zote. Chukueni mlango wa mwisho muulete mwanzo. Msiongeze kitu, msipunguze kitu.

Buti la kazi, ambaye alikuwa fundi mwashi, akauinamia mchoro, akapima kwa vidole, akasema ni kweli. Ilichukua dakika tano. Katibu akafuta kwa kifutio, akachora upya kwa rula, wajumbe wanane wakanyoosha mikono. Miezi minne ya muhtasari, na kazi yenyewe ilikuwa ya dakika tano.

Jumanne katibu alikuja getini mwenyewe. Alikuwa ameshika viatu vyake kwa mkono mmoja, vizima kabisa, na bahasha kwa mkono wa pili. Akachuchumaa ili walingane, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akampa bahasha, akabaki anasubiri kama mwanafunzi anayesahihishiwa. Gundi akasoma. Waliohudhuria, na jina lake lilikuwemo, la nane. Mlango umehamishwa, usawa wa ardhi, imepitishwa, imepelekwa wilayani. Moyo ukamjaa. Kisha akaona sentensi ya kwanza, juu kabisa, ile aliyokuwa ameiruka kwa haraka ya kutafuta mlango.

Kikao kilifanyika uani badala ya ukumbi wa juu, kutokana na udhuru wa mjumbe wa makundi maalumu.

Akaisoma tena. Akamtazama katibu, na katibu akatabasamu, kwa nia njema tupu.

Gundi akachukua kalamu ya kuwekea alama kwenye soli, ile nene nyeupe, akaona karatasi nayo ni nyeupe, akaitupa, akaazima kalamu ya katibu. Akafuta kuanzia neno udhuru mpaka mwisho wa mstari. Akaandika neno moja juu yake, akamrudishia.

Katibu akasoma kwa sauti ndogo. "Kutokana na ngazi." Akafikiri. Aliumia, ilionekana; daftari lake halijawahi kuwa na kitu kama hicho. "Lakini dada, ngazi si mjumbe."

"Si mjumbe," Gundi akasema, akivuta kiatu cha katibu kutafuta cha kushona, "lakini haijakosa kikao hata kimoja."